PHEV kwa mazingira ya Kigoma: inalipa kweli au tutabeba betri bure?

Mgebuka Mkavu:

Wakuu salaam, naomba msaada wa mawazo kabla sijatuma hela Japan. Naishi Mwandiga, duka liko Kigoma mjini, kila siku nashuka na kupanda, nikichanganya na kupeleka watoto shule na kuzungukia wateja wa Ujiji na Gungu nakuwa nimemaliza kama km 30 hivi, zikizidi sana 35. Kwa sasa nina X-Trail ya petroli ya cc 2000, mjini inanipa km 9 kwa lita na siku nyingine hata hizo hazifiki. Mara mojamoja naenda Kasulu kufuata mzigo, na kwa mwaka lazima kuna safari ya Dar.

Sasa kuna jamaa yangu kanishika masikio niuze X-Trail nichukue Mitsubishi Outlander PHEV, zile haibridi unazochomeka ukutani usiku kama simu, anasema mizunguko yote ya mjini nitatembelea umeme tu, petroli inakaa kwa ajili ya safari. Nikimsikiliza naona ndo gari lenyewe, ila nikiingia mtandaoni nakuta wazungu wanazilalamikia kwamba ni usanii mtupu. Na huku nani wa kumuuliza, mtaani kwangu sijaona hata moja. Je kwa umeme wetu, barabara zetu na mafundi wetu hii kitu inalipa, au nichukue tu haibridi ya kawaida kama Aqua nisahau mambo ya kuchomeka? Wale wa "nunua IST" nawajua na nawaheshimu ila nina watoto wanne.

Bandari Kavu:

Nunua IST mkuu. Watoto wawili wapande bodaboda.

Fundi Waya:

Mkuu gari siijui, mi najua nyaya, kwa hiyo nakujibu upande wangu tu. Hizo gari kwenye soketi ya nyumbani zinavuta ampea 10 na zaidi, masaa manne matano mfululizo bila kupumzika. Sio kama pasi, pasi inajizima inawaka inajizima. Nyumba nyingi ninazoingia huku waya wa soketi umerushwa chumba hadi chumba, soketi sita kwenye waya mmoja, na soketi zenyewe za bei ya chee ambazo birika likichemka tu ukishika plagi ina joto. Ukichomeka gari pale kila usiku utaikuta soketi imeyeyuka, na moto wa umeme hauji ukiwa macho. Vuta waya wake peke yake kutoka meni switchi mpaka unapopaki, mm 4, breka yake ya ampea 20, soketi ya maana, na usichajie kwenye ekstensheni hata kwa siku moja.

Afu kuna eathi. Kile kiboksi cha kwenye kebo ya kuchajia kinapima eathi kwanza ndo kiruhusu umeme upite, kisipoiona kinawasha taa ya onyo na gari halichaji, utasema umeuziwa kebo mbovu kumbe aliyekufanyia wayaringi alichimbia kipande cha nondo futi moja akakwambia kazi imeisha. Hilo nakutana nalo kila siku.

Na hiki watu hawakisemi, LUKU. Kama uko kwenye tarifu ya matumizi madogo, uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 ambayo na makato inafika 122, gari litazimaliza ndani ya siku tisa kumi. Zinazozidi hapo zinahesabiwa 350 kabla ya kodi, na ukiendelea hivyo unahamishiwa tarifu ya kawaida ya 292, ukiweka VAT na REA na EWURA unalipa 356 kwa uniti. Na hapo sio gari tu, mpaka friji na tivii zote zinanunuliwa kwa bei hiyo. Ukiona elfu kumi inakupa uniti 28 ujue tayari uko huko.

MamaNuru Gungu:

Fundi umeniwahi, ngoja niendeleze hapohapo maana mimi kazi yangu ni vitabu vya hesabu na watu wa magari huwa mnaongea kwa hisia sana.

Chukua km 30 za mtoa mada. Kwa umeme tufanye anahitaji uniti 8 kutoka ukutani, nimejumlisha na zinazopotea kwenye kuchaji. 8 mara 356 ni kama 2,850. Petroli tuifanye elfu tatu kwa lita ili hesabu isitusumbue. X-Trail yake km 9 kwa lita, km 30 ni lita tatu na kitu, elfu kumi. Anaokoa 7,150 kwa siku, akitembea siku 26 kwa mwezi ni kama laki 1 na elfu 86. Toa kupanda kwa tarifu kama alikuwa kwenye ile ndogo, uniti 75 za nyumbani alikuwa anazilipia 9,150 sasa ni 26,700, kwa hiyo kapoteza elfu 17 na nusu. Bado kabaki na laki 1 na elfu 68 mkononi kila mwezi. Sio mbaya kabisa.

Sasa ondoa X-Trail weka Aqua. Tuseme km 20 kwa lita mjini, km 30 ni lita moja na nusu, 4,500. Hapo PHEV inamzidi Aqua kwa 1,650 kwa siku, mwezi mzima elfu 43, toa zile 17 na nusu za tarifu, imebaki elfu 25. Kwa elfu 25 ndo mtu anunue gari la bei kubwa zaidi, avute waya mm 4, achimbie eathi upya, na kila usiku atoke nje na tochi kuangalia kama taa ya chaji inawaka?

Na angalieni kitu kingine. Anayetembea km 10 kwa siku, umeme unamtosha kabisa injini haiwaki, ila petroli aliyokuwa anaitumia ni kidogo kiasi kwamba anachookoa ni hela ya mboga. Anayetembea km 150 kwa siku anachoma petroli nyingi kweli lakini betri inamuishia njiani mapema, sehemu kubwa ya safari ni petroli vilevile. Hii gari inamtaka mtu wa katikati, km 30 mpaka 40 kila siku iendayo kwa Mungu, analala kwake, umeme wake, na gari alilokuwa nalo liwe kubwa linalokunywa. Kaka wa Mwandiga kwa bahati ni wewe huyo. Jirani yako akikuiga anaweza kulia.

Mnyanyembe wa Cheyo:

Nipo Tabora natumia hiyohiyo Outlander, ile ya 2.0, nisiseme mengi niseme ninavyoijua. Betri ni kilowati saa 12, yaani uniti 12 za LUKU, zile zilizotoka kuanzia 2018 mwishoni injini ikawa 2.4 na betri 13.8. Makaratasi ya Japan yanasema km 60 kwa umeme, hizo sahau, hata zikiwa mpya watu walikuwa wanapata 40 na kidogo, na hizi tunazoletewa sisi zina umri wake, panga maisha yako kwa 30 na ukiwasha AC punguza tena. Haitumii betri yote mpaka sifuri, inaacha akiba chini ili iendelee kufanya kazi kama haibridi ya kawaida.

Utamu wake ni huu. Ina mota mbili, moja mbele moja nyuma, hakuna propela shafti katikati na hakuna gia boksi ya CVT, kwa hiyo zile kesi za gia boksi mnazozijua kwenye gari nyingine huku hamna. Injini muda mwingi kazi yake ni kuzalisha umeme, ukifika spidi 70 hivi ndo inaweza kushika magurudumu ya mbele moja kwa moja. Kwenye tope la masika mota ya nyuma inasukuma bila kelele. Halafu umeme ukikatika usiku mzima huna presha, asubuhi unakuta betri nusu unaondoka zako, ikiisha injini inawaka yenyewe. Mwenye Leaf, lile la umeme mtupu, siku hiyo anapiga simu kazini kuomba ruhusa.

Ubaya sasa. Haina spea tairi. Narudia, haina spea tairi, wameweka dawa ya kuziba na kipampu kidogo, mahali pa spea pameliwa na mambo ya umeme. Kwa barabara zetu hiyo sio ya kucheka, lazima utafute tairi ulifunge mkanda kule nyuma na hapo buti limeisha, wewe mwenye watoto wanne na mzigo wa Kasulu ujipange. Uzito ni karibu tani 1.8, matairi na bushi yanaijua hiyo. Na safari ya Dar usijidanganye, uelewa wangu tangu nilipoitoa huko ni kwamba ukijaza chaji Dar ukifika Kibaha umeme kwisha, kuanzia hapo mpaka huku bara unatembelea haibridi ya kawaida iliyobeba betri zito, kama mtu anayesafiri na mtungi wa gesi ulioisha. Tanki lenyewe ni lita 45 tu.

Kuna baadhi zina soketi ya wati 1,500 ndani, watu wanaisifia kwamba umeme ukikatika unawashia friji. Kweli inawasha, ila ni volti 100 za Kijapani, friji lako la 230 haliwezi mpaka utafute transfoma ya kupandisha.

Mgebuka Mkavu:

Dah hii ya spea tairi hakuna aliyeniambia, jamaa yangu kaipamba gari mpaka hapo hakufika. MamaNuru ubarikiwe dada, nimeichukua hesabu nzima nimeiandika nyuma ya daftari la duka.

Maswali mawili. Ule mlima wa kwenda Kasulu inakuwaje betri ikiisha katikati? Na hawa wazungu wanalalamika nini hasa kama hesabu zinakubali?

Dogo Ughaibuni:

La wazungu nakujibu mimi bro maana nipo Ujerumani nasoma na hizi gari zimejaa. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa takwimu zilizosomwa kwenye vifaa vilivyo ndani ya magari yenyewe, yaliyosajiliwa 2021, wakakuta PHEV barabarani zinatoa hewa ukaa kama mara 3.5 ya ile iliyoandikwa kwenye makaratasi. Sasa kelele zikaanza, usanii usanii. Ila sababu kubwa sio gari, watu hawachomeki. Huku kampuni inampa mfanyakazi PHEV kwa sababu kodi ya gari la kazini inakatwa kwa nusu, halafu inampa na kadi ya mafuta. Petroli inalipiwa, umeme wa nyumbani analipa mwenyewe, nani atasumbuka na kebo? Anazunguka na petroli mwaka mzima na betri iko chini imelala.

Na vile vipimo vya maabara vilidhani mtu atachaji kila siku kama malaika. Wewe hakuna anayekupa kadi ya mafuta, hela inatoka mfukoni kwako, utachomeka tu hata ukiwa na usingizi. Ila siku ukimwachia dereva asiyelipa LUKU wala petroli, utakuwa mzungu na wewe.

Mzee wa Katubuka:

Vijana hamjambo. Nawasoma tangu juzi. Mimi nimeishi mji huu wakati umeme wetu wote unatoka kwenye majenereta ya dizeli, mtu angekuja na hoja ya kuchaji gari tungemwita wazimu, gridi imeanza kuingia mkoa huu 2022, kwa hiyo sikatai, mambo yamebadilika. Lakini mnapiga hesabu ya petroli tu, fundi mmemweka wapi? Zile nyaya za rangi ya chungwa chini ya gari ni volti 300 hivi, sio kitu cha kushikwa na fundi wa chini ya mwembe mwenye bisibisi na glovu za kuoshea vyombo. Kuna mafundi wangapi Kigoma wanaojua kuichomoa ile swichi ya usalama, wakasubiri, wakapima, ndipo waguse? Ikileta taa ya onyo huku utaipandisha kwenye lori mpaka Mwanza au Dar.

Na una injini ya petroli yenye oili, plagi na rejeta, na papo hapo una betri, mota na inveta. Umenunua magonjwa ya pande zote mbili.

Mnyanyembe wa Cheyo:

Shikamoo mzee. Hilo la mafundi sikubishii hata kidogo, ndo hoja nzito kuliko zote kwenye uzi huu. Ninachoweza kuongeza ni kwamba upande wa injini inachakaa taratibu maana haifanyi kazi muda wote, na breki pedi zinakaa sana kwa sababu mota ndo inapunguza mwendo. Ila ikigoma upande wa umeme ni kweli, huku bara tunaangaliana tu. Kuna na kabetri kadogo ka volti 12 kama ka gari lolote, kakifa gari zima haliwaki hata kama betri kubwa imejaa, watu wanapanik wanadhani wamekufa mtaji kumbe ni hako kabetri.

Mkuu wa Mwandiga, mlima. Ziwa liko mita 770 na kitu kutoka usawa wa bahari, Kasulu ni zaidi ya 1,200, kwa hiyo ukitoka huko unapanda tu. Betri ikiisha gari halisimami, injini inaunguruma kwa nguvu kuzalisha umeme wa kupandia, utasikia kelele ambazo hujazizoea na petroli itakwenda. Kuna kitufe cha kutunza chaji, unakibonyeza mapema ukiwa tambarare injini ikifanya kazi, umeme unauweka kwa ajili ya mlima. Wakati wa kurudi ndo raha, kuna vibawa viwili kwenye usukani vya kuongeza ukali wa mota kuzuia mwendo, unashuka karibu bila kugusa breki na betri inajirudishia. Haijazi, msije mkadanganyana, ila ukifika mjini una kitu.

Karani wa Kitengo:

Mimi nagusia ushuru tu kwa sababu hapo ndo watu wanaingia mkenge. Gari linalipa ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, na ushuru wa bidhaa ni 5 kwa cc 1001 mpaka 2000, zikizidi 2000 ni 10. Outlander ya 2.0 ni cc 1998, inaponea kwenye 5. Unafurahi. Sasa angalia mwaka, hizo ni za 2013 mpaka 2018, gari likizidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu asilimia 15, likizidi miaka 10 ni 30. Ya 2.4 ni mpya zaidi lakini cc zimevuka na bei ya kule Japan iko juu. Kwa hiyo usiangalie bei ya muuzaji peke yake, ingia kwenye kikokotoo cha TRA weka mwaka na modeli yenyewe, na ufanye hivyo wiki unayolipia maana bajeti ya Juni huwa inaleta mambo.

MamaNuru Gungu:

Na hapo kwenye hesabu yangu mkumbuke sikuweka betri kubwa kufa. Laki na 68 kwa mwezi ni kama milioni 2 kwa mwaka. Mtoa mada ajiulize ameongeza kiasi gani juu ya bei ya X-Trail atakayoiuza, agawe kwa hiyo milioni 2, kama jibu ni miaka mingi kuliko afya ya betri aliyouziwa basi arudi kwenye Aqua au Fielder haibridi, Fielder watoto wanne wanaenea na mzigo unaingia.

Bandari Kavu:

Hapa sasa na mimi naacha utani. Mkuu betri utaipimaje ukiwa Mwandiga na gari liko Japan?

Mnyanyembe wa Cheyo:

Mwombe muuzaji achaji mpaka ijae, awashe, apige picha ya dashibodi inayoonyesha km za umeme zilizobaki na odomita ionekane kwenye picha hiyohiyo. Sio kipimo kamili, ile namba inategemea na jinsi alivyokuwa anaendesha, ila ukiona imejaa halafu inakuandikia km 20 unajua unaongea na mgonjwa. Mwenye nia atakubali pia kuchomeka kifaa cha OBD, kile cha kusoma kompyuta ya gari, akutumie namba ya afya ya betri. Akikataa vyote viwili, magari ni mengi. Na kebo, kebo, kebo. Wengi wanaleta gari bila kebo ya kuchajia au yenye plagi ya Kijapani. Ulizia kama ipo na upate picha ya kibandiko cha kile kiboksi, kama kimeandikwa volti 100 peke yake usithubutu kukichomeka huku.

Fundi Waya:

Hicho kibandiko ukikipata kitupie hapa nikisome mkuu. Na kabla hujalipia hata gari nikupimie eathi ya hapo kwako, kama ardhi ya hapo Mwandiga ni kavu huenda ikabidi rodi mbili na chumvi kidogo, sio kazi ya kufanya gari likishafika.

Mgebuka Mkavu:

Fundi njoo Jumamosi mchana, dukani namwachia mke wangu. LUKU nimeangalia, elfu kumi inanipa uniti 28, kwa hiyo nilishahamishwa zamani bila kujua na ile elfu 17 ya MamaNuru hainihusu tena. Muuzaji wa kwanza nimemwomba picha ya dashibodi ikiwa imejaa chaji, kanijibu gari ni zuri sana rafiki yangu. Namtafuta wa pili.